Kazi ya Kusubiri Gari Lilale

Gari likiegeshwa Ijumaa jioni likiwa zima, kisha likakataa kuwaka Jumatatu asubuhi, lawama ya kwanza huiangukia betri. Ndiyo iliyoshindwa mbele ya macho ya watu: ufunguo umezungushwa, stata imegongagonga bila kuzunguka, taa za dashibodi zimefifia. Jirani analeta nyaya, betri inabustiwa, gari linawaka, na kabla jua halijapanda sana mwenye gari yuko dukani anauliza bei ya betri mpya. Kuhusu asubuhi kama hiyo nina hoja moja ya kutetea. Umeme uliopotea unaweza kutafutwa na ukapatikana, tena kwa vifaa vya bei nafuu. Kinachokosekana ni utayari wetu wa kulipia utafutaji wenyewe. Tumezoea kulipia kifaa kilichofungwa, lakini akili iliyotumika kukijua tunaiona kama nyongeza ya bure. Na kwa kuwa hitilafu hii, kuliko karibu zote za gari, hupatikana kwa kupima na kusubiri, desturi hiyo ya malipo ndiyo inayoigeuza kuwa fumbo.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo shahidi wa kwanza. Betri ya NS60, iliyozoeleka katika magari madogo ya Kijapani yaliyojaa barabarani kwetu, hubeba takriban ampea-saa 45. Kuwasha injini huonekana kazi nzito, na kweli stata ya gari dogo inaweza kuvuta ampea 150. Lakini ikizivuta kwa sekunde mbili tu, matumizi yote hayafiki hata sehemu moja ya kumi ya ampea-saa moja. Sasa chukua taa ndogo ya wati 5 ndani ya droo ya dashibodi, ambayo swichi yake imekwama na hivyo haizimiki droo inapofungwa. Taa hiyo huvuta kama ampea 0.4. Kwa usiku mmoja wa saa 12 inakula ampea-saa 4.8, zaidi ya mara 50 ya zilizotumika kuwasha injini. Kwa betri mpya hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya akiba, na safari ya mchana huirudisha yote au sehemu yake kubwa, kwa hiyo siku za kazi hakuna anayeona lolote. Lakini kutoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ni saa 60. Taa ileile inakuwa imekula ampea-saa 24, zaidi ya nusu ya betri, na betri iliyokwisha kuchoka kidogo haiwezi tena kuzungusha injini. Ndiyo maana hitilafu hii hujitokeza Jumatatu, na ndiyo maana betri mpya huonekana kuiponya: ina akiba ya kutosha kuficha wizi kwa miezi kadhaa.

Miezi hiyo ikipita, betri mpya nayo inakufa, na hapo lawama hugeukia mtengenezaji au muuzaji. Betri ya risasi na asidi, iliyovumbuliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina mipaka inayojulikana vizuri. Ndani ya betri ya gari mna vyumba sita, kila kimoja kikitoa kama volti 2.1, na kwa pamoja hufika volti 12.6 betri ikiwa imejaa na imetulia. Ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu hivi, ikisoma 12.0 iko hoi. Imetengenezwa kwa bamba nyingi nyembamba ili itoe mkondo mkubwa kwa muda mfupi, kisha ijazwe mara moja na alteneta. Kila inapoachwa imeishiwa, salfeti ya risasi iliyotanda juu ya bamba huanza kuganda kuwa fuwele ngumu zisizorudi kirahisi hata ikichajiwa, na eneo la bamba linaloweza kufanya kazi hupungua. Joto la Dar es Salaam na Mombasa huharakisha uchakavu huo. Kwa hiyo betri iliyoishiwa chaji mara kadhaa mwishoni mwa wiki itapimwa na kuonekana mbovu, na itakuwa mbovu kweli. Fundi anayeihukumu na kuuza nyingine hajasema uongo. Amemtaja aliyeumia na kumwacha aliyeumiza ndani ya gari, pamoja na betri inayofuata.

Kumpata huyo wa pili kumekuwa kugumu kadiri magari yalivyobadilika. Charles Kettering alipoleta stata ya umeme katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912 na kuwapumzisha madereva na kazi ya kuzungusha injini kwa hendeli, betri ilipata kazi yake kubwa. Lakini kwa miongo mingi baada ya hapo, gari lililoegeshwa halikuwa na cha kulisha usiku zaidi ya saa ya dashibodi. Fundi angeweza kulegeza taminali hasi, kuigusisha tena kwenye betri na kutazama cheche. Ikiruka, kuna kitu kinavuta. Kipimo hicho bado kinatumika mitaani, na kwa gari la leo kinapotosha, kwa sababu gari la leo likizimwa huwa limelala tu. Kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu zake, kipokezi cha rimoti kinasubiri kusikia ufunguo, mfumo wa kuzuia wizi uko macho. Katika gari lisilo na kasoro, yote hayo kwa pamoja huvuta kama miliampea 20 hadi 50, na kiasi hicho ni haki yake. Ukitoa taminali ukairudisha, kompyuta zote huamka kwa pamoja na kuvuta mkondo wa kuanzia. Cheche itaruka hata kwenye gari lililotoka kiwandani jana. Anayetegemea cheche ataona hitilafu katika kila gari, na kwa hiyo haoni hitilafu hata moja.

Kipimo kinachofaa ni rahisi kukieleza, na ugumu wake uko katika kukivumilia. Kwanza betri ijazwe, maana betri tupu haiwezi kutoa ushahidi. Kisha mita iwekwe kwenye ampea 10 na kupachikwa kati ya nguzo hasi ya betri na waya wake, ili kila kinachotoka kipite ndani yake, na mtu yeyote asiguse ufunguo, kwa sababu stata itaunguza fyuzi ya mita papo hapo. Boneti lazima libaki wazi, lakini gari lisijue. Fundi mjuzi husukuma kitasa cha boneti kwa bisibisi mpaka kijifunge, hufanya hivyo kwa mlango wa dereva, halafu hupeleka ufunguo mbali. Baada ya hapo hutazama namba. Mwanzoni inaweza kusoma ampea tatu au nne. Baada ya muda inashuka chini ya moja, inasimama, inashuka tena. Magari mengine hulala baada ya dakika kumi, mengine huchukua karibu saa nzima, na gari zima hatimaye hutua kwenye ampea 0.03 au hapo karibu. Anayesoma mita dakika ya pili atatangaza hitilafu kubwa mahali ambapo gari halijasinzia bado. Anayefungua mlango ili kufikia fyuzi za ndani ataliamsha lote na kuanza upya. Hapa mtafutaji mwenyewe anaweza kuwa chanzo cha anachokiona, na nidhamu ya kazi yote ni kujiondoa kwenye matokeo.

Namba ikigoma kushuka, tuseme imesimama kwenye miliampea 420, ndipo msako unaanza. Njia ya kawaida ni kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku mtu akitazama mita. Mafundi makini zaidi hawachomoi kitu. Juu ya mgongo wa kila fyuzi kuna vitundu viwili vidogo ambamo chuma kinaonekana. Ncha za mita zikiguswa hapo, kwenye kipimo cha milivolti, fyuzi isiyopitisha umeme husoma sifuri, na ile inayopitisha huonyesha tofauti ndogo, pengine chini ya milivolti moja, inayotosha kuiumbua. Gari halijui kwamba limepimwa na linaendelea kulala. Ikiwa iliyoumbuka ni ile iliyoandikwa DOME kwenye kifuniko cha fyuzi za Toyota, uwanja wa msako umebaki mdogo: taa za ndani na vingine vichache vinavyokula mezani kwake. Na ikiwa fyuzi zote hazina hatia lakini mkondo bado unapita, fundi anakumbuka waya mnene unaotoka betri kwenda alteneta. Ndani ya alteneta mna dayodi zinazoruhusu umeme upite upande mmoja. Moja ikivuja, betri inajimwaga humo usiku kucha. Alteneta ya namna hiyo inaweza kuwa na uvuguvugu alfajiri, kabla injini haijawashwa, na mkono wenye uzoefu ukiwekwa juu yake huutambua.

Sasa itazame kazi hii kwa jicho la mwenye gari aliyekaa kwenye benchi la gereji. Anaona mtu amekaa kando ya gari lililofungwa, hajashika spana, anatazama kioo kidogo cha mita kwa dakika arobaini. Hakuna kilichofunguliwa wala kilichopakwa grisi, na hakuna kifaa kipya ndani ya boksi lake. Mwishoni fundi anainama, ananyoosha kibati cha swichi ya droo kwa koleo, anasema kazi imekwisha. Mwenye gari anauliza, kwa dhati kabisa: nilipe nini hapo? Swali hilo ndilo lililofundisha gereji zetu kubahatisha. Fundi aliyesubiri dakika arobaini na akapata kasoro isiyohitaji kifaa hupata fedha ya chai. Aliyebahatisha dakika tano na kuuza betri hupata faida ya betri na shukrani. Tukiendelea kulipa hivyo kwa miaka, tusishangae kwamba uvumilivu unatoweka, kwa maana vijana wanaojifunza kazi huiga kinacholisha familia.

Gharama ya kubahatisha inaongezwa na jambo la mahali petu. Magari mengi yanayofika Afrika Mashariki yametumika Japani kwanza, na redio zao zilitengenezwa kushika FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Karibu kila moja ya redio hizo huishia kubadilishwa au kuongezewa kifaa cha kupanua masafa. Redio mpya ina waya wa njano, wa kutunza kumbukumbu, unaotakiwa kupata umeme wakati wote, na waya mwekundu unaotakiwa kupata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Mfungaji mwenye haraka huziunga zote mbili pamoja kwenye umeme wa kudumu, mteja anafurahi kusikiliza muziki bila ufunguo, na redio hailali tena. Juu ya hapo huja alamu, kamera ya mbele, kifaa cha kufuatilia gari kinachodaiwa na mkopeshaji au kampuni ya bima, kila kimoja kikiwa kimefungwa na mtu tofauti na kuungwa kwa utepe mweusi nyuma ya dashibodi. Kikulacho ki nguoni mwako: mara nyingi kinachomaliza betri ni kitu ambacho mwenye gari alikinunua mwenyewe na kukisahau. Mchoro wa kiwanda haukijui, kwa hiyo hata fundi mwenye kitabu cha gari hilo hawezi kukisoma popote. Kitapatikana kwa kupimwa tu.

Watakuwepo wa kusema kwamba haya ni maneno ya watu wenye nafasi. Dereva wa teksi hana saa mbili za kuliacha gari lilale. Kila saa ni abiria waliopotea, na betri mpya inamrudisha barabarani leo. Pingamizi hili lina uzito, na sitalidharau. Lakini bei ya betri mpya ni mara kadhaa ya ujira wa fundi wa mtaani kwa saa hizo, na betri isiyolindwa dhidi ya mvujo haitampa maisha yake kamili. Dereva mwenye kipato kidogo ndiye asiyeweza kununua betri mara mbili. Zaidi ya hayo, kusubiri kunaweza kufanyika usiku, gari likiwa limeegeshwa kihalali, mradi kuna fundi ambaye amekubaliwa malipo ya kuja alfajiri na mita yake. Wengine watasema inatosha kulegeza taminali kila jioni na kuikaza asubuhi. Kwa wiki moja, ni sawa. Kama desturi, inaliacha gari bila alamu usiku kucha, inafuta kumbukumbu za redio na za kompyuta, na inaacha mahali pake waya ambao pengine umechubuka na unagusa bodi.

Hasara ya betri inayotupwa kabla ya wakati wake haiishii kwenye pochi ya mnunuzi. Sehemu kubwa ya uzito wake ni risasi, na risasi hiyo huenda kwa mtu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua huenda wapi: kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa jirani na nyumba zao, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na ambaye mwanawe alikutwa na sumu hiyo mwilini, aliongoza mapambano yaliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Haitakuwa haki kumbebesha mwenye gari mmoja mzigo wa kiwanda kile. Ni haki, hata hivyo, kusema kwamba kila betri iliyouawa na taa ya droo ni kilo kadhaa za risasi zilizoingizwa kwenye mnyororo huo bila sababu, na kwamba dakika arobaini za subira ni bei ndogo ya kuzizuia.

Pingamizi zito zaidi ni la uaminifu. Nikikubali kulipia utafutaji, nitajuaje kwamba fundi ametafuta? Kifaa kipya ninakiona; muda siuoni. Hofu hiyo ina msingi, lakini hitilafu hii ni kati ya chache zinazoacha ushahidi ambao hata asiye fundi anaweza kuusoma. Kabla ya kazi mita ilionyesha 420, baada ya kazi inaonyesha 28, gari likiwa limelala vivyo hivyo. Mteja ana haki ya kuziona namba zote mbili kwa macho yake na kuandikiwa kwenye risiti. Anayenunua betri hapewi uthibitisho wa namna hiyo. Anapewa matumaini na muda wa dhamana. Ni kweli kwamba zipo siku ambazo utafutaji hautazaa jibu, kwa sababu rilei fulani hukwama mara moja kwa wiki na siku ya kupimwa imetulia. Hata hapo orodha ya njia zilizopimwa na kukutwa salama ni mali, ikiwa imeandikwa: fundi wa pili ataanzia pale wa kwanza alipoishia. Inakuwa hasara pale tu inapobaki kichwani mwa mtu.

Yapo pia matumaini kwamba mashine za kompyuta zitatuondolea kazi hii. Zinasaidia sana, na gereji iliyo nazo ni bora kuliko isiyo nazo. Lakini mashine husoma kile ambacho kompyuta za gari zimekiri. Taa ya droo haina kompyuta ya kuripoti kwake. Redio iliyofungwa mtaani haiko katika orodha. Dayodi inayovuja polepole inaweza isiache msimbo wowote wa kosa. Tena mashine ikichomekwa huliamsha gari, yaani huharibu ile hali hasa tunayotaka kuichunguza. Na lazima nikiri upande wa pili wa hoja yangu: kuna magari ambayo betri zake zimezeeka tu, na mengine yanayokwenda safari fupi mno kiasi kwamba alteneta haipati nafasi ya kurudisha kilichotumika. Kwa hayo kununua betri au kubadili matumizi ndiyo tiba. Ila hilo nalo hujulikana kwa kipimo. Gari likilala kwenye miliampea 28 na betri iliyojazwa vizuri ikashindwa kushika chaji, basi betri imehukumiwa kwa haki.

Ninachopendekeza kinawezekana kesho. Mwenye gari na fundi wakubaliane bei ya kutafuta kabla boneti halijafunguliwa, mbali na bei ya kifaa chochote, na ilipwe hata kama kasoro ni kibati kilichopinda. Namba ya kwanza na ya mwisho ziandikwe. Bei hiyo ya kutafuta ikiwepo, fundi anapata kitu ambacho mfumo wa sasa humnyima: uhuru wa kumwambia mteja kwamba betri yake ni nzima na hakuna cha kununua. Leo kauli hiyo inamtia hasara kila anapoitamka. Tukitaka kuisikia pale inapokuwa kweli, itabidi tuilipie.